Faili Lisilo Langu

Ng'ombe aliyeko bandani kwangu si wangu. Naanza na hilo kwa sababu nikianza na kompyuta nitaonekana msomi, na mimi niliishia kidato cha pili. Ng'ombe ni wa mama mmoja jirani, mjane, ambaye shamba lake limebaki kipande. Yeye ana ng'ombe na hana majani. Mimi nina majani na sina ng'ombe. Akamweka kwangu. Kwetu Uru, juu ya mji wa Moshi, hilo si jambo la kueleza, lakini huenda akasoma mtu wa kwingine. Maziwa nakunywa mimi, mbolea inakwenda kwenye migomba yangu, ndama ni wa mwenyewe, isipokuwa wa tatu, ambaye ni wa mfugaji, yaani wangu. Siwezi kumuuza ng'ombe huyo. Wala siwezi kumchanganya na wengine mpaka mwenyewe akija ashindwe kumtambua.

"Migomba yangu" nayo nimeandika haraka. Ni ya mdogo wangu wa kiume, aliyeachiwa na baba kihamba, yaani shamba la ukoo. Anafanya kazi Dar na huja Krismasi. Mwaka ule tulipomzika mama aliniambia, "Kaa tu dada, utunze." Hajawahi kusema kinyume chake, wala hajawahi kusema zaidi. Sina ninachomlalamikia.

Wageni wa Krismasi wakishaondoka, nyumba inakuwa na vyumba vingi kuliko watu. Hapo sauti ninayoisikia zaidi ni ya simu, na kwenye simu alikuwa ni mtu mmoja. Tulikaa dawati moja shule ya msingi. Sasa ana ofisi ndogo Holili, anawasaidia wenye malori kupitisha mizigo mpakani. Alikuwa akinipigia asubuhi anapofungua ofisi, nikisikia komeo la mlango linavutwa na yeye akisema, "Fundi, umeamkaje?" Mara nyingi hakuwa na jambo. Alikuwa anasubiri chai yake iletwe, tunaongea mpaka chai inafika.

Aliniita fundi kwa sababu ya programu. Miaka ya nyuma niliajiriwa kwenye duka la kuchapa na kutoa kopi mjini, upande wa Mawenzi. Nilichapa barua za watu, maombi ya kazi na ratiba za mazishi. Wateja wasipokuwepo, mwenye duka aliniacha nichezee mashine, na mimi nikajifunza kuandika programu kwa kutazama video za Kiingereza ambacho nilikuwa nakielewa nusu. Hiyo nusu nyingine nilibahatisha. Sijui kama mtu aliyejifunza hivyo aitwe fundi, lakini nilipenda anavyoniita.

Programu niliyomwandikia inaweka kumbukumbu za mizigo: lori gani, dereva nani, mali ya nani, imevuka lini. Mwisho unabonyeza, inatoka karatasi safi yenye jedwali. Wateja wake walipenda karatasi ile kuliko kitu kingine chochote, na hiyo karatasi ndiyo sehemu ambayo sikuiandika mimi. Kuna kitu watu wa kazi hii wanakiita maktaba. Si nyumba ya vitabu. Ni kazi iliyokwisha kuandikwa na mtu mwingine, ikawekwa kwenye faili lake, na programu yako inapoendeshwa inaliita faili hilo: nichoree jedwali, nipangie kurasa. Maktaba hiyo niliikuta mtandaoni, inatolewa bure na watu nisiowajua. Bila yao karatasi zangu zingetoka kama risiti ya gengeni.

Siku ya kwanza tulipoipeleka ofisi nyingine, ya jirani yake hapo Holili, niliinakili kwenye flashi, nikaiweka kwenye mashine yao, nikaifungua mbele ya watu. Yakatokea maandishi kwamba kuna faili halipo. Nilikuwa nimenakili programu, nikasahau faili la maktaba.

"Fundi wangu," rafiki yangu akasema, "umetuletea gari halina tairi."

Karani wa pale akadakia, "Tairi lipo, bosi. Limebaki Uru linakula majani."

Walicheka wote, hata mimi. Lakini nilirudi nyumbani nimeumia, na ikawa hivyohivyo kwenye ofisi iliyofuata, na nyingine. Watu hunakili faili wanaloliona wao kuwa ndiyo programu, la pembeni wanaliacha. Basi nikatafuta njia, nikaipata: nikaiyeyusha maktaba ndani ya programu yangu, vyote viwili vikawa faili moja. Ukilibeba hilo umebeba kila kitu. Rafiki yangu alifurahi sana. "Sasa hii ndiyo kazi!" akasema, na tangu hapo alikuwa ananipigia hata jioni, kuniambia tumeingia ofisi gani.

Halafu ikaja kampuni ya usafirishaji kutoka ng'ambo ya mpaka. Walitaka kuitumia kwenye ofisi zao zote. Rafiki yangu aliongea na mtu wao, akamwonyesha, wakakubaliana karibu kila kitu. Yule mtu akaomba karatasi moja tu: tuandike ndani ya programu kuna kazi za nani wengine, na tumeruhusiwa kwa masharti gani.

Ndipo niliposoma leseni ya ile maktaba. Haikuwa imefichwa. Ilikuwa kwenye folda ileile niliyoipakua, na mtu yeyote angeiona. Niliisoma kwa kamusi na kwa simu, sentensi kwa sentensi, na nisipoelewa narudia. Ilisema hivi, kwa maneno yangu: itumie, hata kwenye programu ya kuuza, hatukutozi. Lakini iache ikae kwenye faili lake, ili mwenye kununua akitaka aitoe na kuweka nyingine. Ukiiyeyusha ndani ya kazi yako, mpe mnunuzi vipande vya kazi yako pia, aweze kuviunganisha upya mwenyewe. Na kama umeibadilisha, onyesha ulichobadilisha.

Mimi nilikuwa nimeiyeyusha na nilikuwa nimeibadilisha. Ilikuwa na kasoro moja: jedwali likivuka kwenda ukurasa wa pili, mstari wa mwisho wa ukurasa wa kwanza unapotea. Kwa watu wa mizigo, mstari uliopotea ni lori lililopotea. Niliirekebisha mwenyewe, na sikuwa nimemwambia mtu, kwa kuwa sikuwa na mtu wa kumwambia jambo la namna hiyo.

Nilimwambia rafiki yangu asubuhi iliyofuata.

"Andika vyote ni vyetu," akasema. "Basi."

"Si vyetu vyote."

"Fundi, nani atapasua programu aangalie matumbo?"

"Hakuna."

"Sasa?"

"Sasa wameuliza."

Nikasikia anaweka kikombe mezani. Nikamwambia naweza kulitenganisha lile faili, likae pembeni kama zamani, na leseni ikae palepale kwenye folda.

"Turudi kule kwa tairi limebaki Uru? Mimi nilishamwambia yule bwana ni faili moja. Na nilimwambia imeandikwa yote hapahapa Moshi, mwanzo mpaka mwisho. Alifurahi, ujue."

"Mbona ulisema hivyo?"

"Kwa sababu nilikuwa najivunia wewe!" Kisha akaongeza, "Huyo mtu wa maktaba humjui, hakujui, hujui hata kama yuko hai. Na unamwogopa kuliko mimi ninayekupigia kila siku."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Nimeligeuza neno lake pande zote na bado naona alikuwa na haki. Nilijua nikishikilia msimamo wangu naweza kumpoteza, na nilijua pia kwamba hakuna mwingine aliyesimama nyuma yake kwenye foleni. Nikamwomba siku chache. Akasema sawa.

Katika siku hizo ng'ombe alizaa. Mama jirani alikuja na fimbo yake na kanga begani, akasimama mlangoni mwa banda anaangalia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huyu ni wa tatu?"

"Ni wa tatu."

"Basi ni wako. Mimi sidhulumu mtu."

"Ila ni dume, mama."

"Kwani nilikuahidi jike?" Akacheka mpaka akashika mlango. "Angekuwa jike ningehesabu upya!"

Nikacheka naye, nikamchotea maziwa, akaondoka. Nikabaki namtazama ndama anavyotafuta miguu yake. Ni hapo wazo liliponijia, na wakati ule lilionekana la haki kabisa. Nimeifuga ile maktaba kwa muda mrefu. Niliikuta na ugonjwa nikaiponya. Kwa nini na mimi nisiwe na ndama?

Nikamwandikia barua pepe mwenye maktaba, yule ambaye anwani yake ilikuwa kwenye leseni. Niliiandika kwa Kiswahili kwanza, nikaipitisha kwenye simu iwe Kiingereza, halafu nikarekebisha nilipoweza. Nilianza na salamu, nikauliza hali ya nyumbani kwake, nikamwambia huku mvua zimeanza vizuri na kahawa imetoa maua. Nikaeleza mimi ni nani na nilisoma mpaka wapi, asije akadhani anaongea na kampuni. Ndipo nikamweleza habari ya ng'ombe: maziwa ya nani, mbolea ya nani, ndama wa tatu wa nani. Nikamalizia kwamba naomba ndama wangu awe ruhusa, nisiitenganishe maktaba yake na kazi yangu, niendelee kuuza faili moja nikiwa na amani.

Nilipokwisha kuituma nikaona aibu. Nilijiambia atacheka, au hatajibu.

Alijibu. Alinisalimu na yeye, akasema hata kwao mvua ipo, ila si ya kufurahisha. Akaandika kwamba habari ya ng'ombe ameisoma mara mbili na hana hakika kama ameielewa, lakini ruhusa ninayoiomba si yake kuitoa. Maktaba haikuandikwa na mtu mmoja. Wapo wengi waliochangia vipande, na kila kipande ni cha aliyekiandika. Wengine hawapatikani tena kwenye anwani zao. Mmoja amefariki, na ndiye aliyeandika sehemu ya majedwali. "Hata mimi nikitaka kufanya unavyotaka siwezi," alisema. "Lakini huo ugonjwa uliouponya hatukuwa tunaujua. Tafadhali tutumie dawa."

Nilikaa na barua ile muda. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba ndani ya zile karatasi za malori ya Holili kuna kazi ya marehemu. Nikafungua ile sehemu ya majedwali, niliyokuwa nimeifungua mara nyingi nikitafuta kasoro yangu, nikaisoma upya kama mtu anayepita kwenye shamba la aliyekufa. Alikuwa anaacha mstari mtupu kati ya kila kifungu na kifungu, hata pasipohitajika. Aliyaita mambo kwa majina marefu, yanayoeleweka. Na pale karibu kabisa na kasoro niliyoirekebisha, aliacha neno la kujikumbusha, kwamba hapa parudiwe, hapajakaa sawa. Alikuwa anajua. Hakuwahi kurudi.

Nisitie chumvi. Sikumjua, na huenda nilijibandika kwa mtu asiyeweza kunikataa. Lakini mchana ule, na ndama analia nyuma ya nyumba, nilijiona kama mtu aliyeingizwa kwenye kazi ya wenzake. Nilituma ile dawa. Nikaeleza chini yake kwamba aliyeandika mwanzo alikwisha kuiona kasoro, mimi nimemalizia tu. Sikutaka ionekane nimemkosoa.

Kisha nikalitenganisha faili.

Nilimpigia rafiki yangu nikamwambia mapema, asije akashtukia kwenye mkutano. "Nimelitenganisha. Na ile karatasi nimeandika kama ilivyo."

"Sawa," akasema. Nikasubiri aseme jingine. Akasema chai imefika, akakata.

Mkutano ulifanyika ofisini kwake Holili. Mtu wa kampuni alikuwa mpole, amevaa shati la mikono mifupi, kalamu mbili mfukoni. Alisoma karatasi yangu taratibu, akaweka kidole mahali.

"Hapa pameandikwa hii sehemu ya kuchapa si yenu." Akamtazama rafiki yangu. "Si uliniambia yote ni ya Moshi?"

Rafiki yangu akacheka kicheko ambacho si chake. "Nilimaanisha kazi imefanyika Moshi, mzee."

"Hakuna tatizo. Watu wengi wanatumia hivi. Ila ungesema."

Karani wa ofisini kwake alikuwa anapanga mafaili yaliyokwisha kupangwa. Mimi nilitazama mikono yangu. Yule bwana alisema watatujulisha, akatushukuru sote, akaondoka. Hawakutujulisha. Sijui kama ni kwa sababu ya karatasi, au kwa sababu ya faili la pembeni, au walipata programu nyingine nzuri zaidi, na zipo nyingi nzuri zaidi. Siwezi kusema ukweli umetuponza wakati sijui kama ndio uliotuponza.

Tulipotoka nje alisimama na mimi kwenye kivuli cha lori.

"Ungeniacha niseme mimi, kwa namna yangu," akasema.

"Ulikuwa umeshasema."

Neno lilikuwa kweli, lakini lilikuwa fupi mno kwa mtu aliyekaa dawati moja na mimi, na aliyenisifia kwa wageni. Ningeweza kulisema lilelile kwa upole. Aliita bodaboda, akamwambia dereva anifikishe stendi polepole kwa sababu barabara ina vumbi, nauli akailipa yeye. Naandika hili kwa sababu ni haki yake liandikwe.

Hatukugombana. Watu wakiniuliza nasema hivyo, na ni kweli. Alipiga siku iliyofuata, tukaongea habari ya mvua. Akapiga wiki iliyofuata. Halafu nikawa napiga mimi, naye anapokea akiwa na watu, anasema atanirudia. Nilisikia amempata kijana wa Arusha anayemtengenezea kitu cha kutumia kwenye simu, kisichohitaji kunakiliwa popote. Kama ni kizuri nami namtakia heri. Programu yangu bado wanaitumia kwenye zile ofisi ndogo, hata yake, na wala sikuwahi kusikia wameambiwa waiache.

Mwenye maktaba aliandika tena mara moja. Dawa imeingia, alisema, itakuwa kwenye toleo linalofuata, na kila atakayelipakua atakuwa nayo. Akauliza ndama anaendeleaje. Nilimjibu kwamba ni dume na anakula vizuri. Hakuandika tena, na hakukuwa na sababu ya kuandika. Siku moja moja huwaza kwamba yupo mtu mahali, anachapa jedwali lake, mstari wa mwisho haupotei, naye hajui kwamba ungepotea. Nikiwaza hivyo nanyanyuka kwenda kukata majani, kwa sababu kuwaza hivyo hakujazi nyumba.

Juzi, ndama alipokuwa amekata kamba na mimi namkimbiza kwenye migomba, simu ikaita. Namba ya ofisi ya rafiki yangu, Holili. Nilimwacha ndama nikapokea nikiwa natweta.

"Dada, habari. Nimepewa namba yako hapa ofisini." Sauti ya kijana, sikuifahamu, karani mpya. "Programu imegoma. Inasema kuna faili halipo."

"Ulihamisha kwenye mashine nyingine?"

"Ndiyo, ile ya zamani inazimika kila mara. Nimechukua ile yenye picha ya lori."

"Hiyo peke yake haitoshi, baba. Rudi kwenye mashine ya kwanza, kama inawaka, uchukue folda nzima. Lile faili lililo pembeni yake usiliache. Na lile la maandishi usilifute, hata kama hulisomi."

"Ni la nini?"

"Ni la wenyewe."

"Haya, ngoja nijaribu, usikate."

Akaiweka simu mezani bila kukata. Nikasikia feni. Nikasikia lori linarudi nyuma nje, na mtu anapaza sauti, njoo, njoo, basi. Halafu nikasikia yule wa dawati moja, upande wa mlangoni, anamwambia mtu, "Chai gani hii, umeichemsha au umeionyesha moto tu?" na watu wakacheka.

"Bosi," karani akasema, "niko na yule fundi wa Uru hapa. Unataka kumsalimu?"

Sikusikia alichojibu. Lori lilikuwa linanguruma. Huenda hakusikia swali.

"Imekubali, dada," karani akarudi. "Imefunguka. Asante sana."

"Karani," nikasema, "hebu jaribu na kuchapa. Uone kama mstari wa mwisho unatoka."

Alikuwa na haraka, nilimsikia, lakini akakubali. Nikasimama kwenye migomba, simu sikioni, nikisikiliza printa inavuta karatasi na ofisi nzima ikiendelea na maneno yake, mpaka akaja kuniambia umetoka.